Kibanda Nilichokujengea Ndani ya Seva

Mwanangu Editha,

Sikuulizi hali, maana naisikia. Uko chumbani unavuta zipu ya lile begi la bluu, inagoma, unasonya, unavuta tena. Mimi niko huku mbele, karakana yetu ya kompyuta nimeshaifunga, nimekalia stuli yako kwa sababu yangu imelegea mguu na kila siku nasema nitaigonga msumari. Ukuta mmoja tu unatutenga, na bado nakuandikia barua kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Ndivyo tulivyofika, na aliyetufikisha ni mimi.

Mambo ya kula vizuri, ya sweta la baridi ya Dodoma, ya kutompa mtu usiyemjua akushikie simu stendi, hayo umeyasikia tangu shule ya msingi, na mengine siku hizi unanikumbusha wewe. Nayaacha. Kalamu yenyewe inakohoa wino, na nina jambo moja la kusema, nalo lina mizunguko.

Tangu uliponiambia umepata kazi ya kutunza seva huko Dodoma, kila asubuhi unaniamkia na mimi siitikii. Unasema, "Shikamoo Mama," nageukia sufuria. Juzi ulisimama mlangoni na mswaki mkononi ukarudia mara ya pili, ukidhani sikusikia. Nilisikia. Hapa Mlabani watu wanaweza kugombania mpaka wa kiwanja hadi kwa mtendaji, lakini mtoto wa mgomvi akipita akiamkia, ataitikiwa marahaba kwanza, ndipo mtu akunje uso. Mimi nimekunyima wewe, niliyekuzaa, kitu ambacho watu hawamnyimi mtoto wa adui.

Na hiyo siyo shikamoo yako ya kwanza kuiacha hewani. Iko nyingine, ya zamani, uliniandikia ukiwa kidato cha pili. Wewe unajua niliiona. Mimi najua kwamba unajua. Hatujawahi kuizungumzia, na sitaki upande basi la alfajiri ikiwa bado imekaa pale ilipokaa.

Unakumbuka nyumba ilivyokuwa baada ya baba yako kufariki. Alikuwa amezoea kuondoka na trekta wiki nzima kwenda kulima majaruba ya watu Mchombe, kwa hiyo mwanzoni tuliishi kana kwamba yuko shambani tu. Jumamosi ikifika masikio yako yanakuwa barabarani. Mimi nilianza kuogopa kila kitu chenye mlango. Ukichelewa shule nilikuwa nimeshafika kwenye kona na kanga begani. Ukicheka na mtu kwenye simu niliuliza ni nani, mtoto wa nani, anakaa wapi. Watu wakasema mama Editha amekuwa mkali. Sikuwa mkali, nilikuwa na hofu, ila hofu ukiivalisha sauti kubwa watu wanaiita ukali na wewe mwenyewe unaamini.

Wakati huo huo nilifanya jambo ambalo hukunisamehe, na ulikuwa na haki. Nilikusanya picha zote za baba yako, na zile sauti alizokuwa anaturekodia kutoka Mchombe, nikaziweka kwenye folda moja kwenye seva ya karakana. Kisha nikazifuta kwenye simu yangu na kwenye yako. Nilikwambia, "Soma kwanza, utazisikia ukimaliza shule." Nilijifanya nakulinda masomo yako. Aliyekuwa hawezi kuzisikia ni mimi.

Wewe ukataka kujifunza kompyuta. Sio kuandika barua na kuchapa, la, ulitaka ile skrini nyeusi niliyokuwa nakaa mbele yake. Seva yetu ilikuwa imebeba kazi za watu, matokeo ya mitihani ya shule mbili na rekodi za ile zahanati ya Kisawasawa, na mimi nilikuwa nimeapa kutunza vitu hivyo. Sikutaka kukukatalia, sikutaka kukuruhusu. Ndipo nikakujengea kibanda.

Naandika kana kwamba hujui, nisamehe, najiandikia na mimi mwenyewe. Kwenye mashine zetu kila faili liko ndani ya folda, na folda hiyo iko ndani ya nyingine, mpaka unafika kwenye folda moja ya juu kabisa isiyo na kitu juu yake. Hiyo ndiyo tunaiita mzizi. Amri ya chroot inaiambia programu: kuanzia sasa, folda hii ndogo ndiyo mzizi wako. Programu inaamini. Ikipanda juu inagonga dari na kusema basi, dunia imeishia hapa. Nyumba nzima ipo nje, na yenyewe haina hata neno la kuitajia.

Nilichukua folda tupu, nikakunakilia amri chache za kujifunzia, nikafunga. Ulipojaribu kuingia, mashine ikajibu kwamba faili la programu ya kupokea amri halipo.

"Mama," ukasema, "inasema halipo. Na mimi naliona hili hapa."

Nilikwambia umekosea kuandika. Ukaandika tena, herufi kwa herufi, kwa ule utulivu wako unaoniudhi. Halipo. Nikakusogeza nikaandika mwenyewe. Halipo. Jioni nzima ikapita mimi na wewe tunatazama faili lililopo tukiambiwa halipo. Kumbe nililileta faili peke yake, nikasahau maktaba zake, yale mafaili mengine linayoyategemea ili lisimame. Mashine haikuwa inadanganya, ila ilitaja kitu kisicho chenyewe. Tulipozileta maktaba, likafunguka, ukavuta kibodi upande wako ukaendelea.

Hilo ulichukue, Editha. Huko unakokwenda itafika siku utajaribu kufanya kitu unachokijua vizuri, kikatae, na kila mtu pamoja na wewe mwenyewe aseme huna uwezo. Kabla hujakubali, angalia chini yake. Angalia kama umelala, kama umekula, kama kuna mtu wa kuongea naye lugha ya nyumbani. Mimi nilipofiwa nilijiona sifai kuwa mama, na ninaamini leo kwamba umama ulikuwepo. Vilivyokuwa vinaubeba ndivyo vilikuwa vimeondoka, na sikumwambia mtu.

Nirudi kwenye kibanda. Ulikaa humo muda mrefu, ukijenga vifolda vyako na programu zako ndogo. Nilifurahi. Jioni nilikuwa napika nasikia vidole vyako kwenye kibodi, najua mwanangu yuko wapi na hawezi kwenda kwingine. Kisha ukaniomba uwe unaweka programu mpya mwenyewe bila kuniita kila mara. Nikakupa mamlaka ya mkuu wa mashine, humo humo ndani. Nilidhani mkuu wa kibanda ni mkuu wa kibanda tu.

Mtu wa kazi yetu akisoma hapo atashika kichwa. Mkuu ni mkuu popote alipo, na chroot haimzuii mwenye mamlaka hayo, inamzuga tu. Nilikuwa nalijua hilo. Nililisoma, niliwahi hata kumfundisha kijana mmoja wa shule ya Mchombe. Lakini kwako nilisahau, kwa sababu sikuwa nakutazama kama mtu anayeweza kutaka kutoka.

Ulivyotoka nimekuja kuelewa baadaye, nikifuata nyayo zako. Kila programu inapofanya kazi ina mambo mawili: ina mzizi wake, na ina mahali iliposimama. Ukitoa amri ya kuhamisha mzizi, miguu haihami yenyewe, lazima uihamishe. Wewe ukatengeneza folda mpya ndani ya kibanda, ukahamishia mzizi humo, na miguu ukaiacha nje yake kwa makusudi. Aliyesimama nje ya mzizi wake hana dari tena ya kumgonga. Ukapanda folda moja juu, na nyingine juu yake, na nyingine, mpaka ukatokea kwenye mzizi wa kweli wa mashine yangu. Mistari michache tu. Ninayo mpaka leo, na kwa uandishi wa mtoto wa kidato cha pili ni misafi mno.

Asubuhi nilifungua mashine nikakuta faili jipya kwenye folda yangu binafsi. Ndani mlikuwa na maneno haya: "Shikamoo Mama. Nimetoka. Nimemsikia Baba."

Hukugusa matokeo ya shule. Hukugusa rekodi za zahanati. Ulipita katikati ya vitu vyote nilivyoogopa utaviharibu ukaenda moja kwa moja kumsikiliza baba yako, ukaniachia salamu kama mtoto aliyefunzwa. Na mimi nilifanyaje? Nilikutoa kitandani. Nilikwambia, "Wezi wanaanza hivi hivi." Ulisema, "Sijaiba Mama, nilitaka kumsikia tu." Nikakufukuza karakana masika yote, mvua inapiga bati, wewe uko chumbani, mimi niko huku nabomoa kibanda kwa hasira kana kwamba kibanda ndicho kilichoninyamazishia mume. Nilikuona ukiacha kuimba ukioga.

Neno lile la mwizi siwezi kulifuta, maji yameshamwagika. Naweza tu kukwambia lilikuwa neno la uongo na aliyelisema alijua ni la uongo wakati linatoka.

Halafu ikaja ile safari ya Kisawasawa. Radi ilikuwa imepiga, umeme ukakatika ghafla, na uliporudi kompyuta ya zahanati haiwaki. Nilikuchukua ubebe begi, ndivyo nilivyosema, ubebe begi tu. Nesi mkuu alikuwa ametufungulia chumba, ameweka mikono kiunoni, akasema, "Mama Editha, wajawazito wangu wote wamo humo." Nikawasha mashine kwa flashi yangu ya uokoaji, ile yenye mfumo mzima ndani yake, nikaiona diski ya mgonjwa wangu, yaani ile kompyuta, iko salama ila haijui jinsi ya kuamka. Nikatoa amri ya chroot, ile ile, nikahamishia mzizi ndani ya diski yake ili nimtengeneze kwa vifaa vyake mwenyewe. Amri ya kumtengeneza ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nesi anapumua shingoni kwangu.

Wewe umekaa kwenye benchi na begi mapajani, ukasema kwa sauti ndogo, "Mama, umeingia bila kumuunganishia vifaa. Hawezi kuiona hata diski yake."

Kweli, sikuwa nimeunganisha zile folda zinazouonyesha mfumo vifaa vya mashine. Nilitoka, nikaunganisha, nikaingia tena, amri ikapita. Mashine ikawaka, nesi akatutafutia ndizi. Njiani kurudi ukaniuliza, "Kwa hiyo chroot siyo ya kumfungia mtu tu?" Nikasema siyo, ukae vizuri kwenye pikipiki. Lilikuwa swali zuri kuliko yote uliyowahi kuniuliza, na mimi nikalijibu kwa kukwambia ukae vizuri.

Leo nalijibu. Haikutengenezwa iwe jela. Ilikuwa njia ya kusema, hebu tuishi kwa muda tukidhani hapa ndipo juu kabisa, tuone kinachojengeka. Sisi wenye hofu ndio tulioweka kufuli. Na kazi yake nzuri zaidi niliyoiona ni ile ya Kisawasawa: kuingia ndani ya aliyekwama, kutazama kuanzia kwenye mzizi wake, kutumia vitu vyake na sio vyako. Watu wengi wanatengeneza wenzao wakiwa wamesimama nje. Mimi nimekutengeneza hivyo miaka yote, nikipiga kelele dirishani.

Kuna kosa langu lingine, na hili hulijui vizuri kwa sababu lilikuwa kosa langu kwa baba yako. Nilipoolewa nikatoka kwetu Mahenge, enzi za kivuko, nikavuka mto na masanduku mawili na kuku. Nikafika hapa Ifakara. Nikahamisha mzizi, miguu nikaiacha kule. Mvua ikinyesha Ifakara nilikuwa nauliza kama imenyesha Mahenge. Mtu akisema perege wa hapa ni watamu, nasema hujala vyakula vya kwetu. Baba yako alitaka tupande miti uani, nikamwambia ya nini, sisi si wa kukaa hapa. Akaenda akapanda ule mlimau peke yake, siku ya Jumapili, na shati la kanisani. Kila jioni aliyokuwa nyumbani alikuwa anaumwagilia kwa kopo, na mimi nikiwa ndani namtazama kwenye mlango. Sikuwahi hata siku moja kutoka nikamshikia kopo. Alipokufa ndipo nikahamia Ifakara, Editha. Nilihama nikiwa nimeshachelewa, na aliyekuwa ananikaribisha hayupo.

Kwa hiyo yale niliyokwambia ulipoleta habari ya kazi, kwamba uwe unarudi kila mwisho wa mwezi, kwamba usinunue kitanda kizuri maana utarudi tu, kwamba chumba chako sitakigusa, yote hayo nayaondoa. Nilikuwa nakushika miguu. Nenda na miguu yako. Nunua kitanda. Jua jina la mama muuza mboga wa mtaani kwako, ulizia misa ya kwanza ni saa ngapi, panda kitu hata kama ni kwenye ndoo. Ukirudi nitafurahi mpaka nitalia, nawe unajua nalia vibaya. Usiporudi mwezi huo au ule, sitakuita mwizi.

Nakuandikia hivi sio kwamba sina wivu. Ninao. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huu wangu umekaa hapa kifuani kama ugali wa jana. Nimekuwa nikijisikia kama mtu anayeng'olewa. Lakini wiki hii, nikiwa nimekunyamazia, nilikuwa nasoma tena mambo ya kazi yetu kwa ajili ya seva ya shule, nikakutana na jambo ninalolijua tangu zamani. Kila programu inazaliwa na nyingine, na hata wataalamu wanaziita mzazi na mtoto, sio mimi niliyebuni. Mtoto akizaliwa anarithi mzizi wa mzazi wake. Baadaye akihamisha mzizi, unahama wake, na wa watoto wake. Wa mzazi haugusiki. Nilisoma hapo, nikaweka kitabu chini. Nimekuwa nikikulaani kimoyomoyo kana kwamba ukihama utaondoka na sakafu niliyosimama, na sakafu iko pale pale. Mlimau uko pale pale. Ni mimi tu sikutaka kuangalia.

Leo mchana ulipoenda kuwaaga wenzako, nikafanya kitu. Nilifungua ile folda. Sikuwa nimeifungua tangu nilipoiweka. Nilipunguza sauti ya spika ili wateja wasisikie, nikakaa hapa hapa kwenye stuli yako, nikabonyeza ya kwanza. Baba yako anasema, "Mwambie Editha trekta limezama tena, na nyani wako juu ya mti wananicheka." Halafu anacheka yeye. Unakijua kile kicheko, kinaanza puani. Nimeisikiliza mpaka mteja akaja akanikuta, nikamwambia ni vumbi. Ulikuwa umeyasikia haya miaka yote hiyo, peke yako, na ukawa unanihurumia usiniambie ninachokikosa.

Nimezinakili zote kwenye flashi, picha na sauti. Imo kwenye bahasha hii, usiikunje. Haina neno la siri wala kufuli la aina yoyote. Nakala yangu imebaki kwenye seva, na nitakuwa naisikiliza jioni nikimwagilia mlimau.

Sasa ile salamu. Faili lako bado lipo, pale pale ulipoliweka. Nimebadilisha mashine mara kadhaa tangu wakati ule, na kila mara nimelihamisha pamoja na vitu vya maana, bila kulifungua, nikijua limesema nini. Sikulifuta na sikulijibu. Usiku huu zipu ya begi imenyamaza, nadhani umefaulu au umelala juu yake. Alfajiri utatoka, utaniamkia mlangoni kama kawaida yako, hata kwa mama aliyekugeuzia uso. Nami nitakuitikia kwa sauti, na majirani wasikie. Lakini ile ya zamani ilikuja kwa maandishi, na kwa maandishi naiitikia, nikiwa nimechelewa sana.

Marahaba, mwanangu. Nimeona umetoka.

Mama yako